Percy Shaw: Fundi wa jua kali aliyezipa barabara macho

Ukiwa safarini usiku, uko ndani ya ile matatu ya mwisho na umebahatika kupata kiti cha mbele kando ya dereva, hebu tazama lami vizuri. Kwa barabara kuu iliyotengenezwa ikatengenezeka, utaona vitone vya mwanga vimejipanga katikati kama siafu. Havina waya. Havina betri. Hakuna mtu anayekuja jioni kuviwasha. Taa za gari zikivifikia, vinaamka. Gari likipita, vinalala.

Watu huviita macho ya paka. Wengi wetu tumeviona tangu tukiwa watoto na hatujawahi kujiuliza vilitoka wapi, kama vile hakuna anayejiuliza nani alibuni benchi la stejini au mlingoti wa taa. Vitu vya barabarani viko hivyo. Vikifanya kazi, huvioni. Unavikumbuka tu siku vikikosekana na mtu amegongwa.

Macho ya paka yana mwenyewe. Anaitwa Percy Shaw, Mwingereza aliyefariki mwaka 1976. Hakuwa injinia. Hakuwa na digrii, hakuwa na diploma, hata sekondari hakumaliza. Aliacha shule akiwa na miaka 13. Mimi niliyeacha chuo karo ilipogonga mwamba, stori ya jamaa huyu nimeipenda, lakini si kwa sababu ya hiyo hadithi tamu ya mtu kuacha shule halafu akawa tajiri. Hizo zimejaa mitandaoni na nyingi ni porojo. Nimempenda kwa sababu alielewa jambo moja ambalo wanaotujengea miji huwa wanalisahau: kitu cha umma lazima kitengenezwe kikijua kwamba kitakanyagwa.

Mtoto wa kibarua

Percy alizaliwa Aprili 15, 1890, mjini Halifax, kaskazini mwa Uingereza, katika eneo la Yorkshire. Halifax ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda vya nguo. Moshi juu, milima kila upande, na barabara za kupanda na kushuka ambazo ukungu ukishuka hata pua yako huioni. Baba yake, James, alikuwa kibarua katika kiwanda cha kutia nguo rangi. Familia ilikuwa kubwa, watoto wa ndoa ya kwanza na ya pili, na mshahara wa kibarua unaujua wewe mwenyewe.

Percy akiwa na miaka miwili, familia ilihamia nyumba moja mtaa wa Boothtown, palepale Halifax. Nyumba yenyewe iliitwa Boothtown Mansion. Jina kubwa, wenyewe watu wa kawaida. Kumbuka hiyo nyumba maana tutairudia: Percy aliishi humo maisha yake yote, akiwa maskini, akiwa tajiri, mpaka siku ya kufa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani. Alipofika miaka 13 akaingia kiwandani kama watoto wengi wa kizazi chake, kazi yake ikiwa kubebea wafumaji mabobini ya nyuzi. Jioni alienda masomo ya usiku kujifunza hatimkato na uwekaji hesabu, akitarajia kazi ya ofisini. Ile ya ofisini ikawa na pesa kidogo kuliko alivyodhani, kwa hivyo akarudi kwa vyuma. Hapo ndipo alipopata shule yake. Alipita karakana moja hadi nyingine, akashika uchomeleaji, akashika utengenezaji wa boila, akashika mashine za kukatia vyuma. Hakuna cheti. Ni mikono kushika na macho kuona, jinsi mtu anavyojifunza Gikomba au Kariobangi.

Baadaye yeye na baba yake wakafungua kigenge chao cha kurekebisha mashine ndogondogo, hapo hapo nyumbani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, walipata kazi ya kutengeneza vipande vya zana za kivita. Vita vikaisha, kazi zikapungua, na mwaka 1929 mzee James akafariki.

Percy alikuwa na miaka 39. Hana mke, hana mtoto, na yule aliyekuwa mshirika wake wa kazi amezikwa. Akaamua kujaribu biashara nyingine: kutengeneza vijia na njia za kuingilia nyumba za watu. Kandarasi ndogondogo za lami. Rola za kushindilia zilikuwa kubwa mno kwa kazi kama hizo, basi akajiundia yake ndogo yenye injini. Ilifanya kazi fiti. Hivyo ndivyo fundi wa mashine alivyojikuta amekuwa mtu wa barabara.

Usiku wa ukungu

Sasa tufike ile stori maarufu.

Juu ya Halifax kuna kijiji kinaitwa Queensbury, kimekaa mlimani kwenye njia ya kwenda Bradford. Percy alipenda kwenda huko jioni, na kurudi nyumbani ilikuwa ni kushuka mteremko wenye kona na bonde kando. Taa za barabarani hazikuwepo. Walichotegemea madereva wa wakati ule ni reli za tramu zilizolazwa ndani ya lami. Magurudumu ya tramu yalizisugua kila siku mpaka zikang'aa, na usiku taa ya gari ikizipiga, zinamwonyesha dereva njia inakoelekea. Hakuna aliyezipanga kuwa alama za usalama. Ilitokea tu.

Halafu mabasi yakaanza kuchukua nafasi ya tramu, na reli zikang'olewa. Ghafla barabara ikawa kipofu.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa mwaka 1933, wenye ukungu mzito, Percy alikuwa akishuka mteremko huo akaona vitone viwili vya mwanga mbele yake. Lilikuwa paka, limekaa kando ya barabara, macho yake yakirudisha taa za gari. Percy akang'amua kwamba alikuwa ameelekea upande usiofaa, akanyoosha usukani, na akafika nyumbani akiwa hai.

Ni stori tamu. Lakini nikwambie ukweli, inasimuliwa kwa njia zaidi ya moja, na Percy mwenyewe aliwahi kuieleza kivingine: kwamba aliona kibao cha barabarani chenye vioo vinavyorudisha mwanga, akafikiri ni afadhali vioo hivyo vishushwe chini, pale macho ya dereva yanapotazama usiku wa ukungu. Huenda zote mbili zina ukweli ndani yake. Mimi hii ya pili ndiyo inanigusa zaidi, kwa sababu haihitaji muujiza wa paka. Inahitaji mtu anayetazama kitu cha barabarani na kujiuliza: kwa nini kimewekwa huko juu na tatizo liko huku chini?

Shida haikuwa mwanga, ilikuwa gurudumu

Wengi husema Percy alivumbua kioo kinachorudisha mwanga. Hapana. Kioo chenyewe kilikuwepo. Mwingereza mwingine, Richard Hollins Murray, ambaye kazi yake ilikuwa uhasibu, alikuwa amekipatia hataza mwaka 1927, na vioo vya aina hiyo vilitumika kwenye mabango ya matangazo. Kazi yake ni rahisi kueleza: mwanga unaingia kupitia mbele ya kioo, unagonga sehemu ya nyuma iliyopakwa rangi ya fedha kama kioo cha kujitazamia, kisha unarudi kule kule ulikotoka. Macho ya paka halisi yana ngozi nyembamba nyuma inayofanya kazi kama hiyo.

Uzuri wa mwanga kurudi ulikotoka ni kwamba anayeuona ni dereva mwenye taa, hata kama taa zenyewe ni hafifu.

Kwa hivyo shida ya Percy ilikuwa nyingine kabisa. Chukua kipande cha kioo ukiweke katikati ya barabara. Lori linapita juu yake. Lingine tena. Mvua inanyesha, matope yanakifunika, theluji inakuja. Kitaishi siku ngapi? Kikidumu wiki moja bila kupasuka, bado kitakuwa kimechafuka kisionekane. Utaajiri mtu wa kutembea barabara nzima na kitambaa akifuta kimoja kimoja?

Hapo ndipo uzoefu wa karakana ulipolipa. Percy alichukua vioo vinne vidogo, viwili vikitazama upande huu wa barabara na viwili upande wa pili, akavichomeka ndani ya kitalu cha mpira. Kitalu hicho akakilaza ndani ya sanduku la chuma kizito cha kusubu lililofukiwa ndani ya lami. Gari likikanyaga, mpira unabonyea na vioo vinazama ndani ya chuma, salama. Gari likipita, mpira unafura tena na vioo vinarudi juu. Uzito wa lori unabebwa na chuma na barabara, kioo hakiumii.

Halafu akaongeza utundu ambao kila nikiufikiria natabasamu. Vioo vinapozama, vinasuguliwa na ulimi wa mpira, kama waipa ya gari. Na lile sanduku la chuma limetengenezwa likusanye maji ya mvua, kwa hivyo vioo vinasafishwa kwa maji. Yaani kila lori linalokanyaga jicho la paka linaliosha. Kadiri barabara inavyotumika, ndivyo macho yanavyozidi kuwa safi.

Tafakari hilo kidogo. Vitu vingi vya mtaani huharibika kwa sababu watu wanavitumia. Hiki kinaishi kwa sababu watu wanakitumia. Percy hakuomba madereva wawe waungwana wasikanyage. Alijua watakanyaga, basi akakigeuza kile kishindo kuwa kazi.

Milango migumu ya serikali

Mwaka 1934 alichukua hataza ya kulinda ubunifu wake. Mwaka huo huo alifukia macho yake 50 kwenye njia panda ya Drighlington, karibu na Bradford, kwa gharama zake mwenyewe. Machi 1935 akasajili kampuni, Reflecting Roadstuds Limited, makao yake yakiwa hapo hapo Boothtown. Ana miaka 44 na anaanza upya.

Unaweza kudhani serikali ilimkimbilia kwa mikono miwili. Sababu zilikuwepo za kutosha. Mwaka 1934 pekee, barabara za Uingereza ziliua watu 7,343 na kujeruhi zaidi ya 231,000, wakati nchi nzima ilikuwa na magari milioni mbili na ushee tu. Waziri wa Uchukuzi aliyeteuliwa mwaka huo, Leslie Hore-Belisha, alikuwa mbioni kutafuta dawa. Mwaka 1935 serikali ilianzisha kikomo cha kasi cha maili 30 kwa saa mijini, takriban kilomita 48, na ikafanya mtihani wa udereva kuwa wa lazima. Waziri huyo ndiye pia aliyesimamisha kwenye vivuko zile nguzo za milia nyeusi na nyeupe zenye tufe la rangi ya machungwa juu, ambazo mpaka leo Waingereza wanaziita kwa jina lake.

Nguzo za Belisha zina funzo lake. Matufe ya kwanza yalikuwa ya kioo, na watoto wa mitaani waliona yamewekwa pale kama shabaha. Mawe yakaruka, matufe yakapasuka kwa wingi, na ikabidi baadaye yatengenezwe kwa vitu vigumu zaidi. Wazo lilikuwa zuri, la kumwambia mtu wa miguu kwamba hapa ni pako, vuka. Lakini aliyechagua kioo alikuwa amefikiria mtaa wa kwenye karatasi. Percy alikuwa amefikiria mtaa wenyewe.

Hata hivyo, oda za Percy zilikuja kwa kudondoka. Halmashauri hii ikinunua chache, ile ikisema itafikiria. Mwaka 1937 Wizara ya Uchukuzi iliandaa jaribio: aina kumi za vioo vya barabarani, za Uingereza na za nchi nyingine, zilifukiwa kwenye kipande kimoja cha barabara, zikaachwa zipambane na magari na hali ya hewa. Baada ya miaka miwili, wapinzani walikuwa wamepasuka au wamefifia. Macho ya Percy yalikuwa bado yanaona.

Giza lililomfungulia njia

Kisha likaja giza la lazima. Septemba 1939 Uingereza iliingia Vita vya Pili vya Dunia, na amri ikatoka kwamba taa zote zizimwe usiku ili ndege za Ujerumani zisione miji ya kulipua. Taa za barabarani, zima. Madirisha, funika kwa pazia jeusi. Taa za magari zilivishwa vifuniko vikabaki na upenyo mdogo wa kutupa mwanga chini.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Watu waligongwa gizani, wengine wakatumbukia mitaroni. Mwaka 1941 vifo vya barabarani vilifika 9,169, na mpaka leo hakuna mwaka uliowahi kuvuka idadi hiyo nchini humo. Serikali ilipaka rangi nyeupe kwenye kingo za barabara na hata kwenye miti ili watu waone angalau kitu.

Katika hali hiyo, macho ya paka yalikuwa kama yametengenezwa makusudi. Hayatoi mwanga wake mwenyewe, kwa hivyo hayamwonyeshi rubani wa adui chochote. Yanatosheka na ule mwanga mchache wa taa iliyofunikwa, na yanaurudisha kwa dereva pekee. Kile kilichoonekana kama mchezo wa fundi wa mtaani sasa kikawa kifaa cha taifa. Mahitaji yakapanda. Kilichomkwamisha ni mpira, ambao ulikuwa adimu baada ya Japani kuiteka Malaya mwaka 1942.

Vita vilipokwisha, njia ilikuwa wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, naibu kijana katika Wizara ya Uchukuzi, James Callaghan, alisukuma mpango wa kuyafukia macho hayo kote nchini. Ndiyo, ni yule Callaghan aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Kiwanda cha Boothtown kikapanuka, na kilipokuwa katika kilele chake kilitengeneza zaidi ya macho milioni moja kwa mwaka. Yakaenda ng'ambo pia. Barabara kuu za Uingereza ziliyapanga hata kwa rangi: meupe kutenganisha njia, mekundu ukingo wa kushoto, manjano upande wa katikati, kijani mahali pa kutokea na kuingilia. Dereva gizani anasoma barabara kama anavyosoma sentensi.

Tajiri asiye na pazia

Pesa zilipoingia, Percy hakuhama mtaa. Alibaki Boothtown Mansion, ile nyumba ya baba yake, kiwanda kikiwa jirani. Kiwanda chenyewe kina kisa chake. Palikuwa na mkuyu wa kizungu ambao Percy aliukwea akiwa mtoto. Wakati wa kujenga, wengine wangeukata bila kufikiri mara mbili. Yeye alijenga kiwanda kuuzunguka, mti ukapenya katikati ya jengo na matawi yake yakatokeza kwenye paa. Mtu aliyefukia mamilioni ya vyuma ardhini alishindwa kung'oa mti mmoja.

Hakuoa. Nyumba yake ilikuwa haina zulia, kwa imani kwamba mazulia hushika harufu ya tumbaku, na haina pazia, kwa sababu hakutaka kitu kimzibie mandhari. Alikuwa na runinga kadhaa sebuleni zilizowashwa wakati mmoja kwa stesheni tofauti, zote sauti imezimwa. Alipenda bia na kukaa na marafiki, na chini ya nyumba kreti hazikukosa. Anasa yake kubwa ilikuwa gari la Rolls-Royce. Alan Whicker, mtangazaji maarufu wa runinga, alipomtembelea, Waingereza walishangaa kuona tajiri anayeishi kama bachela wa kukodisha chumba kimoja.

Mwaka 1965 alipewa nishani ya OBE kwa mchango wake katika biashara ya nje. Alifariki Septemba 1, 1976, akiwa na miaka 86, katika nyumba ile ile aliyohamia akiwa na miaka miwili.

Sasa hii inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu sana. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na katika ripoti za NTSA watembeao kwa miguu huwa ndio wanaongoza orodha. Si madereva. Ni mimi na wewe: mama mboga anayerudi kutoka soko alfajiri, mlinzi anayetoka zamu, mwanafunzi anayevuka barabara kuu kwa sababu daraja la juu liko mbali.

Na hapa lazima tuseme pia macho ya paka hayafanyi nini. Yalitengenezewa dereva. Mtu wa miguu asiye na taa hayaoni, wala hayamwangazii. Yanamsaidia kwa upande tu, dereva anapobaki kwenye njia yake badala ya kupanda ukingoni. Ndiyo maana mtaa salama unahitaji familia nzima ya vitu: ukingo ulioinuka, vigingi vya zege vya kuzuia gari kuegeshwa pa kupitia watu, kivuko chenye tuta, taa, benchi, kivuli. Jicho la paka ni mwanafamilia mmoja.

Ila kanuni ya Percy inafaa familia yote. Angalia vyuma vya kingo vinavyong'olewa usiku na kuuzwa kwa kilo. Hali ya wizi wa vyuma ilikuwa mbaya kiasi kwamba Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara nzima ya vyuma vikuukuu, baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa. Angalia taa za mulika mwizi mtaani. Zilipowashwa, biashara zilifunga saa tatu badala ya saa moja, na wasichana wakatembea bila kukimbia. Lakini balbu ikiungua, au nyaya zikichezewa, mlingoti unabaki umesimama pale kama twiga aliyelala, na giza linarudi na watu wake.

Jibu la kawaida ni kulaumu wananchi. Ati hatujui kutunza. Ni kweli mwizi ni mwizi na anastahili kushikwa. Lakini fundi wa Halifax angeuliza swali lingine kwanza: ulipokuwa ukikichora kitu hiki, hukujua kitakaa mtaani? Kama chuma kina soko, mbona usitumie zege? Kama hakuna bajeti ya kufuta, mbona usikitengeneze kijifute? Kama watu watakalia ukingo wa maua, si uutengeneze upana wa kukalia, iwe benchi? Kuna vijana Mathare na Korogocho waliogeuza majaa kuwa bustani kwa matairi kuukuu na mabaki ya mbao, na wanajua bila kufundishwa ni kitu gani kitaibwa na kitu gani kitabaki. Ujuzi huo ni wa thamani, na mara chache huitwa mezani ramani zinapochorwa.

Meza hiyo sheria inakuruhusu kuiketi. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika bajeti na mipango ya kaunti, na mikutano hiyo hufanyika kweli, mara nyingi katikati ya wiki, ukumbi ukiwa umejaa wazee na viti vitupu. Nenda, kaa hapo mbele. Mtu akisimama na picha nzuri ya kompyuta yenye benchi zinazometa na taa za kisasa, usipige makofi haraka. Inua mkono umuulize maswali mawili ambayo Percy Shaw aliyajibu kwa mpira na chuma: lori likipita juu yake, itakuwaje? Na ikichafuka, nani ataifuta?